Mizani Iliyosema Hakuna Mtu

Miaka ile ya miwa, huku Kakamega kulala njaa ilikuwa ni kupenda kwako. Trekta zilipita mchana kutwa zikimwaga miwa njiani, watoto wanatafuna bure, na kila kijana aliyemaliza fomu foo alikuwa ananukia molasi. Sasa katikati ya raha yote hiyo, Inspekta Philemon Shikanga wa CID alikuwa amekaa kwa kiti cha mbao ndani ya stesheni, anamwangalia dada mmoja ambaye Jumatatu angepelekwa kortini kwa kuua mtu.

Dada anaitwa Pascalia Awinja. Karani wa mizani, kiwanda cha sukari cha Lwamba. Kazi yake ni kukaa kwa kibanda cha vioo. Trekta inapanda na trela yake kwa mizani, kompyuta inasoma uzito, trekta inashuka, taa ya kijani inawaka, inayofuata inapanda. Basi, hiyo ndiyo kazi. Lakini Alhamisi jioni taa ya kijani iliwaka kabla trela haijashuka. Trekta ya nyuma ikaona kijani, ikapanda. Katikati ya hizo mbili alikuwa Osundwa, askari wa yadi, ameinama anavuta miwa iliyonasa kwa magurudumu. Hakupata hata nafasi ya kupiga kelele.

"Nieleze tena," Shikanga akasema.

"Nimeeleza mpaka ulimi umechoka, afande."

"Eleza kama hujawahi."

Pascalia akavuta leso mabegani. "Mvua ilikuwa imeisha. Mvuke wa boila ukashuka chini, hata taa za geti huoni vizuri. Masinde, dereva wa trekta, akapandisha trela. Nikaangalia juu, nikaona watu."

"Watu gani?"

"Wamekaa juu ya miwa. Wamama wengi, wazee kidogo. Wananiangalia tu. Nikawasalimia, mulembe. Kimya. Nikarudia. Kimya. Afande, mimi ni mtoto wa hapa. Hujawahi kumwambia Mluhya mulembe akanyamaza. Hata mwizi anajibunga kwanza ndio akimbie."

Koplo Jescah, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka kidogo halafu akajikanya.

"Halafu?"

"Halafu nikaangalia kioo cha kompyuta. Namba ilikuwa na kistari mbele. Chini ya sifuri. Elfu kumi na sita na kitu, chini ya sifuri. Kama trela inabebwa na mtu kutoka huko chini. Na taa ikawaka yenyewe."

"Kuna swichi ya mkono ya hiyo taa. Ufunguo ulipatikana kwa mfuko wako."

"Ulikuwa kwa mfuko. Mikono ilikuwa kwa mdomo. Niliogopa."

Shikanga hakuandika kitu. Mwanamke mwongo, kwa uzoefu wake, hutafuta uongo wenye faida. Huu ulikuwa uongo wa kujimaliza.

"Kesho wanamzika Osundwa," Pascalia akasema. "Nilikuwa nakula kwao kila Jumapili. Mkinipeleka kortini na hiyo jina ya muuaji, hata nikirudi siwezi kanyaga hapo tena. Nitakuwa nimemzika mimi mara mbili."

Huko nje koridoni Jescah akamnong'oneza mdosi wake. "Masinde amekana kubeba watu. Dereva wa nyuma anasema aliona ukungu na kijani, basi. Meneja Makhanu anapiga simu tu, anataka faili ifungwe. Na huko Shieywe majirani wameshang'oa mlango wa nyumba ya huyu dada."

"Watu wasiojibu salamu," Shikanga akasema, kama anajiongelesha. "Twende Lwamba."

Yadi ya Lwamba ilikuwa na foleni ya trekta mpaka barabarani. Trela ya Masinde ilikuwa imewekwa kando, bado imejaa, kwa sababu polisi walisema isiguswe. Shikanga akavua koti, akampa Jescah, akapanda juu. Miwa ilikuwa imelaliwa. Siyo na mvua, na matako ya watu, imebonyea mistari mistari kama benchi za kanisa. Akatambaa mpaka katikati. Hapo akaona tawi limelazwa vizuri, majani yameanza kulegea. Lilikatwa kwa panga, halikuvunjwa. Akalinusa.

Lusiola.

Sasa lusiola haipandwi katikati ya miwa. Lusiola ni mti wa boma na wa mpaka, ukiuona umelala mahali haujazaliwa, ujue kuna mtu ameuleta na sababu. Shikanga alikaa na hilo tawi kwa mikono kidogo. Kuna upepo ulipita, lakini miwa haikutikisika.

Masinde walimpata nyuma ya karakana, jitu kubwa, anatafuna muwa.

"Ulibeba nini Alhamisi?"

"Miwa, afande."

"Na hii?" Shikanga akamwonyesha tawi.

Masinde akaacha kutafuna. Akatema makapi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Kampuni imekataza kubeba watu. Ukishikwa, umefutwa."

"Mimi si kampuni."

"Nina watoto, afande."

"Pascalia pia ni mtoto wa mtu."

Hiyo ikamwingia. Jitu likakaa kwa tairi bovu. "Ni watu wa mzee Andati. Mzee alikuwa mkata miwa. Alianguka na panga yake mkononi huko upande wa Navakholo, akafa hapo hapo shambani. Mwili ulishaletwa nyumbani. Lakini huyo mwenyewe alibaki kule, unanielewa? Kwa hiyo watu wa nyumba yake walienda kumchukua."

"Wanamchukuanga aje?"

"Wanakata lusiola. Wanagusa pale alipoangukia, wanamwita jina. Halafu kila mtu anafunga mdomo mpaka nyumbani. Hakuna kusalimia, hakuna kugeuka, hakuna kukanyaga chini. Ukishuka, na yeye anashuka. Barabara ilikuwa matope, hakuna gari ingine ingetoka huko. Ningewaacha?"

"Na kwa mizani?"

"Siku zingine abiria wanashukia mbele ya geti, wanazunguka na miguu. Hawa hawangeshuka. Nikasema wacha nipite haraka, ni jioni, nani ataona." Akafuta uso na kiganja. "Ile trekta ilipogonga, mama mmoja akapiga nduru. Wanasema mzee alishukia hapo hapo. Na wao wakashuka, wakapotelea kwa ukungu."

Jescah akarudi nyuma hatua moja. Walikuwa wamesimama mbali na mizani, lakini alirudi tu.

Fundi wa kompyuta alikuwa kijana anaitwa Kipkemboi, ameletwa kutoka Eldoret wakati kompyuta zilikuwa bado ni kitu cha kuvua viatu ukiingia. Shikanga alimkuta kibandani, anaangalia kioo. Nje mizani ilikuwa tupu, hakuna hata kuku. Kioo kilikuwa kinasema 58.

"Kilo hamsini na nane za nini?" Shikanga akauliza.

"Matope. Yamenasa chini."

"Tangu lini?"

Kipkemboi akakuna shingo. "Tangu Alhamisi. Tumesafisha. Bado yako."

Shikanga akaiacha hiyo. Kila kitu na siku yake. "Hii mashine inaweza kusoma chini ya sifuri?"

"Kilo mbili, tatu, upepo ukivuma. Siyo elfu kumi na sita. Huyo dada aliota."

"Trela ikijaa inapima ngapi?"

"Tani kumi na nne na nusu hivi. Kumi na tano haturuhusu, inarudishwa shambani. Tangu niweke mashine hakuna iliyopita hapo."

"Ongeza watu kama thelathini juu yake."

Kipkemboi akahesabu na midomo. "Tani mbili kasoro. Itafika kumi na sita na nusu. Hiyo si kitu, hii chuma inabeba hata—" Alikuwa kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka nyumbani.

"Sema."

"Trela ikipanda inatikisika. Kwa hivyo mashine inapima mara mbili, inajumlisha, inagawa kwa mbili. Inapata wastani."

"Hiyo hesabu uliandika wewe?"

"Nani anaandikanga wastani, afande? Programu ina vipande vilivyoandikwa kitambo na watu wengine. Vinakaa pamoja, tunaita maktaba. Ukitaka wastani unauchukua hapo, kama kuazima chumvi kwa jirani. Dunia nzima inafanya hivyo."

"Na nani aliikagua?"

"Kila mtu anaitumia."

"Sijauliza nani anaitumia."

Kipkemboi akainuka. Akapulizia hewa kwa dirisha, likafanya ukungu, akaandika na kidole. "Namba inakaa kwa kisanduku. Hiki kisanduku mwisho wake ni elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na saba. Ukiongeza moja tu juu yake, hakikatai. Hakipigi kengele. Kinageuka. Kinaanza kutoka chini kabisa, upande ule mwingine wa sifuri."

"Kama saa ya maili kwa gari."

"Ya gari inarudi sifuri. Hii inapitia kuzimu."

"Lakini kumi na sita na nusu haijafika thelathini na mbili."

"Haijafika. Lakini wanajumlisha kwanza, ndio wagawe." Kidole kikaandika. Kumi na sita elfu mia tano, mara mbili. Thelathini na tatu elfu. Kisanduku kimejaa, kimegeuka. Akagawa kile kilichobaki. Kistari, halafu kumi na sita elfu na kitu. Wote wawili wakaiangalia hiyo namba ikitiririka maji kwa dirisha.

"Na taa?" Shikanga akauliza polepole.

"Taa inauliza swali moja tu. Kuna kitu kinafika kilo mia mbili hapo juu? Kama hakuna, mizani ni tupu. Inawaka kijani."

"Na chini ya sifuri…"

"Ni tupu kuliko tupu."

Mlango ukafunguliwa. Makhanu, meneja, kofia ngumu kichwani na redio mkononi. Alikuwa amesikia nusu. "Inspekta, hesabu ya kioo haiendi kortini. Na hao watu wa kupaa juu ya miwa, niletee hata mmoja. Hata kiatu chake."

"Nikikuletea wote?"

"Utawatoa wapi? Waulize vibarua wangu kama kuna mtu atapanda hiyo trela."

Shikanga akatoka, akauliza. Vibarua wakaangaliana. Mmoja akasema, "Afande, panda wewe kwanza, sisi tutakupungia mkono." Wengine wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Kuongeza miwa ifike uzito ule nayo haikuwezekana, fito za pembeni zilikuwa zimeshapinda, kila fungu lililowekwa lilimwagika.

Basi wakaenda kwa Andati.

Boma lilikuwa na turubai na viti vya kukodi, lakini hapakuwa na kilio. Watu walikaa kama wanaosubiri gari. Binti mkubwa wa mzee, Mama Roda, alikuja mpaka kwa Land Rover. Mwanamke mwembamba, macho makavu.

"Wewe ni wa wapi?" akauliza.

"Isukha, mama."

"Basi unajua hatuwezi kuongelea ile safari."

"Sitaki uiongelee. Nataka muipande tena."

Roda akamwangalia sana. Huko ndani mtoto akalia, akanyamazishwa.

"Sisi leo tulikuwa tunaenda huko tu," akasema, "hata kama hungekuja. Kaburi limechimbwa, mwenyewe hayuko. Unataka tumuache baba yetu alale kwa mizani, apimwe kila siku kama miwa?" Akasogea karibu. "Mtatushusha?"

"Hakuna atakayewashusha. Na hakuna atakayewasalimia."

"Na yule msichana aliyetusalimia?"

"Yuko ndani. Wanasema aliwaona peke yake."

Roda akafunga macho. "Alisalimia vizuri," akasema. "Ilituuma kunyamaza."

Jioni mvuke ulishuka tena. Shikanga alikuwa ameegesha Land Rover kwa barabara ya kuingilia mizani, imekingama, ikifunga njia. Foleni ya trekta ikabaki nyuma yake, injini zinanguruma. Pascalia aliletwa na Jescah, akakalishwa kwa kiti chake mwenyewe kibandani. Makhanu alisimama nyuma yake, Kipkemboi pembeni. Swichi ya mkono ilikuwa imefungwa, ufunguo uko kwa Shikanga. Kioo kilikuwa kinasema 58.

"Inua mikono," Shikanga akamwambia Pascalia.

"Ati?"

"Juu. Tuione wote. Usiishushe mpaka niseme."

Akainua.

Masinde, aliyepitishwa kando ya foleni, akatokea kwa ukungu mbele ya Land Rover, taa za trekta kama macho ya mnyama mgonjwa. Nyuma yake trela, na juu ya trela watu. Safu kwa safu, leso zimefungwa vichwani, mikono magotini. Hakuna aliyekohoa. Vibarua wote wa yadi walivua kofia bila kuambiwa, na mmoja, yule mcheshi wa asubuhi, akaenda kujificha nyuma ya pampu.

Magurudumu ya mbele yakapanda. Elfu nne. Elfu tisa. Pascalia alikuwa anasoma kwa sauti, mazoea ya kazi. "Kumi na mbili. Kumi na nne." Trela ikaingia yote, ikatulia.

Kioo kikapepesa.

Pascalia hakusoma. Haikuhitajika. Kistari mbele, elfu kumi na sita na kitu nyuma yake, nyekundu, imetulia pale kama kitu kilichokuwa kinawangoja. Na huko nje kijani ikawaka juu ya nguzo, ikapaka rangi nyuso za wale watu wote, wakawa kama wametolewa majini.

Mikono ya Pascalia ilikuwa bado hewani.

Nyuma, dereva wa kwanza wa foleni akaona kijani. Hakuona trela, hakuona watu, ni ukungu na kijani. Injini ikanguruma, trekta ikaja. Ilikuja moja kwa moja na haki yake yote mpaka ikagonga bampa ya Land Rover, ikazima. Dereva akatoa kichwa. "Si ni kijani?" akauliza.

Juu ya trela Mama Roda akainama, Masinde amepanda kumshika kiuno, akanyoosha tawi la lusiola mpaka likagusa chuma cha mizani. Akaita jina mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aje chakula. Akarudi juu, akalifunika tawi na leso. Watu wakasogeleana. Wakaacha nafasi katikati yao, ya mtu mmoja.

Masinde akarudi kwa usukani, akaondoka polepole. Mwanga wa kijani ukabaki unaangaza mahali patupu.

"Angalia," Kipkemboi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Kioo kilikuwa kinasema 0.

"Matope yameanguka," Kipkemboi akasema.

"Ndiyo," Shikanga akajibu.

Hakuna aliyeenda kuchungulia.

Makhanu ndiye alianza kuongea, unajua wadosi hawawezi kimya. "Sawa. Tutarekebisha. Sasa foleni iendelee, miwa inakauka."

"Hiyo maktaba," Shikanga akamuuliza Kipkemboi, "iko wapi kwingine hapa?"

"Kreni. Inapima fungu mara mbili kabla ya kuinua." Akaangalia juu, huko kwenye minyororo, ambapo fungu la miwa lilikuwa linaning'inia juu ya vichwa vya watu. "Na boila, ile inayosoma presha."

Makhanu akavua kofia ngumu, akaiangalia ndani kama kuna kitu kimeandikwa. Halafu akainua redio, akaongea maneno machache. Fungu likashushwa. Mashine zikaanza kuzimika, moja, halafu nyingine, mpaka ule mngurumo ambao Lwamba ilikuwa inalala nao na kuamka nao ukaisha. Kumbe kulikuwa na vyura karibu. Msimu mzima hakuna mtu alikuwa amewasikia.

"Afande," Pascalia akasema. "Nishushe mikono?"

"Shusha. Faili naandika mimi."

Jescah akamshika bega. "Tukupeleke Shieywe, dada?"

"Nyumba haina mlango. Nipelekeni kwa akina Osundwa."

"Leo? Watakupiga."

"Kesho nitakuwa nimechelewa."

Walimshusha barabarani, akaingia na miguu, Shikanga nyuma yake. Moto ulikuwa unawaka kando ya nyumba, watu wamekaa. Nyimbo zikakatika. Kijana mmoja akasimama na kiti mkononi. "Huyu nani amemleta hapa?"

Shikanga akafungua mdomo. Pascalia akamzuia na mkono, akapita, akaenda mpaka kwa mkeka ambapo mama yake Osundwa alikuwa ameketi karibu na sanduku. Akapiga magoti.

"Mama, si mimi niliwasha taa. Ni mashine, ilihesabu vibaya. Huyu afande ameona na macho yake. Lakini mimi ndiye nilikuwa kwa dirisha. Niliona trekta ikija, nikashindwa kumwita."

Yule mama alimwangalia kwa mwanga wa moto. Kijana bado ameshika kiti.

"Yeye aliiona?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Alikuwa ameinama. Alikuwa anavuta miwa."

"Hakuogopa."

"Hakuogopa. Hakujua."

Mama akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Halafu akakunja miguu yake upande mmoja, akapangusa mkeka na kiganja.

"Kaa basi," akasema. "Umetoka mbali. Mpatieni chai."